Namba ya Swichi Iliyokufa

"Usimkaribie," Leonida alimwambia John Paul sikioni. "Akikuona kwenye kioo, tumekwisha."

"Auntie, nikirudi nyuma zaidi ya hapa nitakuwa namfuata kwa maombi."

Mbele yao Probox nyeupe ilikata upepo kwenye barabara ya Busia kwenda Tororo, ikiyumba kila ilipokwepa shimo. Pikipiki ya John Paul, Boxer, ililia nyuma yake. Leonida alikaa upande kama wanavyokaa wanawake wote wa soko, beseni la ndizi mbivu mapajani, leso kiunoni. Chini ya ndizi, ndani ya mfuko wa unga, ilikuwepo bastola, Glock 19 yenye risasi zake zote. Chini ya kitambaa cha kichwa kulikuwa na spika ndogo kama punje ya hindi.

Busia nzima, upande wa Kenya na upande wa Uganda, ilimjua kama Mama Emmy wa ndizi. Lakini serikali mbili zilikuwa zimemwapisha katika kitengo kisicho na bango mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuwanasa wanaovuna transfoma na nyaya za mpakani kama watu wavunavyo mihogo. Kiapo kilikuwa kifupi. Usimwambie mume, usimwambie mtoto, usimwambie padri.

Mume alikufa bila kujua.

Mtoto alikuwa fundi wa nguzo za umeme.

Spika ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Okwi, mkubwa wake, mtu ambaye hakuwahi kusema neno la ziada tangu azaliwe.

"Mama Ndizi. Kuku yuko wapi?"

"Anakaribia Sikuda. Anaelekea kwenye Jiwe."

"Tororo. Sawa."

"Na Edeku na genge lake?"

"Yuko Lunyo. Ana lori, ana winchi, na watu wanne kwa ovaroli ya kampuni ya umeme. Wamekaa chini ya transfoma kubwa, wanacheza karata. Hawajagusa kitu."

"Wanangoja nini?"

"Hiyo ndio utaniambia wewe."

Kuku alikuwa Oguttu, kijana wa kompyuta. Zamani upande wa Uganda ulikiita kifaa cha umeme hivi, upande wa Kenya ukakiita vile, na wanakijiji wakakiita kwa jina la mwenye shamba. Waya uleule mmoja ulikuwa na majina matatu, na mafundi wakafa kwa ajili hiyo. Ndipo nchi mbili zikakubaliana kuwa na ramani moja kwenye kompyuta, na kila transfoma, kila swichi, ikapewa namba yake peke yake. Namba haibadiliki hata kifaa kikihamishwa. Kifaa kikifa, namba inakufa nacho. Mwenye kuzitunza namba hizo kwa wilaya hizi alikuwa Oguttu. Na Oguttu sasa alikuwa akienda Tororo mbio, siku ya kazi, kwa gari asiloweza kulinunua.

Wakafika Sikuda.

Lori la kampuni lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, ngazi imeshaegemezwa kwenye nguzo. Mafundi watatu. Mmoja wao alikuwa mdogo wa umbo, kofia ngumu ya manjano kichwani, akijifunga mkanda wa kupandia.

Emmy.

Leonida akavuta kitambaa usoni. Asubuhi ile walikuwa wamekunywa chai pamoja, na alikuwa amemuuliza kama kawaida yake.

"Ule waya mnaofunga mpaka ardhini kabla ya kupanda, mmeletewa mwingine?"

"Bado, mama. Ni shaba, ukiacha gari wazi wanaubeba."

"Na testa?"

"Ni moja, timu tatu. Leo iko Malaba."

"Sasa mnajuaje umeme umekatika?"

"Tunapiga simu kituoni. Wanakata kwa kompyuta, wanaangalia namba. Skrini ikisema imekatika, imekatika. Mama, kunywa chai."

Moyo wa mzazi ulitaka amwambie John Paul asimame. Kazi ikasema songa.

Wakasonga.

Mwenye mtoto na asikie hapa, maana hapa ndipo mzazi humpita mwanawe.

*

Probox ilisimama nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, pale Tororo ambapo Jiwe linatupa kivuli chake mchana. Oguttu akaingia mlango wa nyuma na begi la laptop. Mlangoni alikaa jitu moja lenye shingo kama ya fahali, redio sikioni.

Leonida akajitwika beseni na kwenda kwa mwendo wa mtu aliyechoka na maisha.

"Ndizi, baba. Tamu."

"Tamu kuliko wewe?"

"Mimi nilishachacha. Onja hizi."

Jamaa akacheka, akanyoosha mkono. Leonida akamgusa shingoni na kifaa cha kushtua, kidogo kama tochi ya betri mbili. Jamaa akakakamaa, akateleza kwenye kiti taratibu, mdomo wazi, ndizi mkononi.

"Mfunge," akamwambia John Paul. "Na umpe heshima yake, ni mtoto wa mtu."

Chumba kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, laptop moja ya HP na jasho la Oguttu. Kijana aliinua macho, akaona mama wa ndizi, akataka kumfukuza. Kisha akaona Glock.

"Mikono mezani."

"Mama, mimi natengeneza kompyuta tu."

"Na mimi nauza ndizi tu. Mikono."

Akaiweka.

Kwenye skrini ilikuwepo ramani. Nyaya za kijani zilitokea Tororo zikashuka Busia, zikatawanyika vijijini kama mishipa ya mkono. Waya mmoja tu ulikuwa wa kijivu. Leonida akasogea, akasoma maandishi pembeni yake.

SIKUDA. IMEKATIKA.

Akashusha pumzi. Mtoto wangu yuko salama, alijisemea.

"Kwa nini Edeku anakaa chini ya transfoma ya Lunyo anacheza karata?"

Oguttu akatazama mlango.

"Kijana. Nakuuliza kwa upole. Sijui kama nitakuuliza tena hivyo."

"Alikuwa anangoja umeme ikatike." Oguttu akameza mate. "Imekatika sasa hivi. Sasa wanafungua bolti."

"Lunyo ni kijani. Naona mwenyewe. Iliyokatika ni Sikuda."

"Hapana, mama. Iliyokatika ni Lunyo."

Nje, mtu alikuwa akijadili bei ya misumari.

"Nieleze," Leonida akasema. "Pole pole. Kama unamweleza bibi yako."

Oguttu akaeleza. Swichi ya zamani ya Sikuda ilipigwa na radi wakati wa mvua za masika, ikaungua, wakaishusha. Ikaletwa mpya. Sheria ilisema mpya ipewe namba mpya. Lakini kwa watu hawa jina la marehemu halitupwi. Babu akizikwa, mjukuu anachukua jina, na nyumba inaendelea. Mafundi walikuwa wakifanya hivyohivyo na vyuma. Swichi ikifa, wanasema huyu alitumikia watu vizuri, mwacheni mrithi wake aitwe kwa namba yake. Oguttu mwenyewe hakuwahi kuona ubaya wake, na kazi ilipungua.

"Na ile iliyoungua?"

"Edeku akainunua kama chuma chakavu. Akaitengeneza. Usiku mmoja wakaipandisha kwenye nguzo ya Lunyo."

"Kwa hiyo aliyezikwa akafufuka."

"Ndio. Zote mbili zina namba moja. Hizi swichi zinapokea amri kwa laini ya simu, iko ndani. Wakaitoa laini kwa ile mpya ya Sikuda, wakaitia kwa ile ya zamani. Sasa kituo ikiambia hiyo namba kata, inayosikia ni ya Lunyo. Inajibu, nimekata. Skrini inaandika Sikuda."

"Na ya Sikuda?"

"Ya Sikuda ni kiziwi. Haisikii kitu."

Leonida akaweka kidole kwenye neno Sikuda.

"Nani aliomba Sikuda ikatwe leo?"

"Timu ya mafundi. Edeku alituma mtu jana na kombeo avunje kile kikombe kinachoshika waya juu ya nguzo, ili mafundi waitwe." Oguttu akaanza kulia, kamasi na machozi. "Alisema hakuna mtu ataumia. Alisema mafundi hupima kabla ya kupanda."

"Kwa testa gani?"

Oguttu hakuijua habari ya testa. Hakuna aliyeijua isipokuwa mafundi na mama zao.

*

Alimpigia Emmy. Simu iliita mpaka ikachoka. Emmy huacha Tecno yake ndani ya gari kila anapopanda. Mama yake ndiye aliyemfundisha, asije akashtuka ikilia juu kule.

Alipiga tena. Ikaita. Ikachoka.

"John Paul. Rudi Sikuda. Ruka, paa, sijui. Mwambie asipande. Mwambie mama yake amesema."

Boxer ikaondoka kabla hajamaliza.

Akampigia Okwi.

"Nimempata Kuku. Okwi, Sikuda ina umeme na mafundi wako juu ya nguzo. Piga kituo wakate Tororo yote."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Edeku ana sikio ndani ya chumba cha kituo. Nikipiga simu, atajua kabla sijaweka chini. Hatujui sikio ni nani. Wacha wapakie transfoma. Wakishapakia, tunafunga barabara, na mimi napiga hiyo simu."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui."

"Okwi, binti yangu yuko huko."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya kazi, alimsikia mzee yule akipumua.

"Pole, dada," Okwi akasema. "Subiri. Hiyo ni amri."

Simu ikakatwa.

Amri gani hiyo ya kumwambia mama asubiri.

Akapiga kituoni mwenyewe, namba ya wateja, ile iliyoandikwa kwenye bili. Akapokea mtu mwenye sauti ya kushiba.

"Osinya hapa. Shida gani, mama?"

"Mafundi wenu wako Sikuda. Waambieni washuke. Nyaya zina moto."

"Sikuda imekatwa, mama. Naiona hapa."

"Unachokiona si Sikuda."

"Nipe namba ya swichi."

Akaisoma kwenye skrini ya Oguttu, tarakimu kwa tarakimu.

"Ndio hiyo hiyo. Imekatika. Wewe ni nani kwanza?"

Kitengo kilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Angelitaja, na kama mwenye sikio alikuwa huyuhuyu, Edeku angetoweka na watu wote wa kitengo pale Lunyo wangejulikana sura. Na kama hakuwa yeye, asingeamini. Nani angeamini?

"Mimi ni mama yake Emmy."

Osinya akacheka, si kwa ubaya. "Mama Emmy, wazazi wote wakianza kutupigia hatutafanya kazi. Mtoto wako ni fundi mzuri. Mwombee tu."

"Waite kwa redio."

"Wakiwa juu hawajibu. Wakishuka watajibu. Haya, mama, siku njema."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Leonida alisimama na bastola mkono mmoja na simu mkono mwingine, amefunzwa kuua mtu kwa njia nyingi, na hakukuwa na hata njia moja ya kumfikia msichana wa kofia ya manjano. Jina lake la kweli halikuruhusiwa kusemwa. Jina lake la umama halikuwa na nguvu.

Spika ikapasuka kwa sauti ya John Paul, injini ikilia nyuma yake.

"Auntie, trela imelala katikati ya barabara. Mahindi kila mahali. Watu wanazoa. Najaribu kupita shambani."

"Pita," akamwambia.

Akaketi kwenye kona ya meza, macho yakatazamana na ya Oguttu.

"Una dada?"

"Ninao wawili."

"Basi fikiri. Fikiri kama dada yako ndiye yuko juu."

Oguttu akafuta pua kwa mkono wa shati. Akatazama ramani muda mrefu. Midomo yake ilisogea kama mtu anayesali, au anayehesabu.

"Kuna njia moja," akasema. "Tuue namba."

"Tuue vipi?"

"Niandike hapa kwamba imekufa. Ya kabisa, sio ya kurithi. Ramani ikiona mafundi wako kazini na namba ya swichi yao imekufa, haijui tena kama kuna umeme ama hakuna. Mashine yenyewe inakata kutoka juu, Tororo yote. Haiulizi Osinya. Haiulizi mtu."

"Mbona hukusema?"

"Hatujawahi kuua namba, mama. Hata moja. Sisi tunarithisha tu."

"Edeku ataona umeme umekatika?"

"Edeku yuko Lunyo. Kule ilishakatika. Hataona kitu."

Okwi alikuwa amesema subiri. Leonida aliwahi kutii amri kwenye mvua ya risasi. Alitii siku mumewe alipozikwa, akaondoka kaburini mapema kwa sababu simu iliita.

"Iue," akasema.

Oguttu akaandika. Kompyuta ikauliza neno la siri. Akakosea. Akaandika tena, akakosea, vidole vikikanyagana. Leonida akaweka Glock mezani, mbali, akamshika bega kama angemshika mtoto wa shule.

"Pole pole, mwanangu. Hakuna anayekupiga."

Mara ya tatu ikakubali.

Ramani ikapepesa. Kijani kikatoka Tororo, kikatoka Busia, kikatoka kila kijiji, kama mtu anayekung'uta kitambaa. Juu ya vichwa vyao feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Nje, mtu wa misumari akasema haya basi, wamechukua tena umeme wao.

Ilikuwa imefanyika.

Lakini ilifanyika kabla, au baada?

Akapiga simu ya Emmy. Ikaita. Ikachoka.

*

Okwi alipiga Leonida akiwa njiani, ndani ya Probox ya Oguttu, mguu wake ukiwa umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Oguttu na jitu la mlangoni walikuwa wamebaki Tororo mikononi mwa vijana wawili wa kitengo.

"Tumemshika Edeku," Okwi akasema. "Transfoma iko hewani kwa winchi. Hakujua hata kwamba Busia imezima. Kwenye lori kuna shaba ndani ya magunia ya mahindi, na karatasi za kontena za mnunuzi wa nje. Tumemshika na yeye, Malaba, kwa hoteli."

"Vizuri."

"Ulivunja amri."

"Ndiyo."

"Tutaongea."

"Tutaongea."

Akapita trela iliyolala, akapita watu na ndoo zao za mahindi, tairi mbili barabarani na mbili mtaroni. Hakulia. Alijaribu kusali, sala ikagoma kutoka. Kichwani alikuwa akimvisha Emmy sare ya shule, akimfunga vifungo, akifika cha juu anaanza upya.

Sikuda.

Lori lilikuwepo. Ngazi ilikuwepo. Juu ya nguzo hapakuwa na mtu.

Aliegesha Probox nyuma ya kanisa, akajitwika beseni, akaenda. Mwendo wa mama wa ndizi. Kila hatua ilimuuma.

Emmy alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye tairi, kofia ya manjano magotini. Alikuwa mzima. Mikono yake yote miwili ilikuwepo, vidole vyote vilikuwepo. Aliitazama mikono hiyo kana kwamba ni ya mtu mwingine. John Paul alisimama mbali na Boxer yake iliyojaa matope, akajifanya anajibu simu.

"Mama? Umefuata nini huku?"

"Wateja. Mmekula?"

Emmy akatikisa kichwa. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Kuna kinu cha kusaga pale nyuma ya miti. Tulipofika kilikuwa kinasaga, tukasema ni cha dizeli. Nikapanda. Nikafika juu, nikavua glovu moja nishike bolti. Nikanyoosha mkono hivi." Akauonyesha. "Kinu kikanyamaza. Ghafla tu. Na kule dukani redio ikanyamaza. Mama, kwa nini vinyamaze, wakati umeme ulishakatwa?"

Leonida akamenya ndizi, akampa.

"Kula kwanza."

"Ulikuwepo. Ule umeme ulikuwepo wakati wote ninapanda."

"Kula, mama." Alimwita hivyo tangu akiwa mchanga, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake.

Emmy akala, machozi yakimshuka bila sauti. Mama yake akamfuta kwa pembe ya leso. Alijua kila kitu, na hakuweza kusema hata kimoja. Alikumbuka pia swali la mwisho alilomuuliza Oguttu, kabla ya kutoka kile chumba. Namba ngapi nyingine mlirithisha? Kijana alikuwa amemtazama kwa masikitiko. Hatukuandika, mama. Ilikuwa desturi tu.

"Kesho mko wapi?"

"Merikit."

"Usipande mpaka upime kwa testa wewe mwenyewe. Sikia. Hata bosi akikufokea. Hata skrini ikisema nini."

Emmy akamtazama, akajaribu kutabasamu. "Wewe na umeme mlijuana lini?"

"Hatujuani," Leonida akasema. "Mimi nauza ndizi."

Akajitwika beseni. Akafunga leso vizuri. Akaenda barabarani polepole, mgongo umenyooka, asigeuke nyuma. Ndani ya spika Okwi alikuwa akimwita jina lake la kazi, mara ya kwanza, mara ya pili.

Hakuitikia mpaka alipofika mahali ambapo Emmy hawezi kumwona.